Hazine Si Hazina

Wachaga tumesemwa sana kwa habari ya hela. Wanasema Mchaga akizimia usimmwagie maji, mtikisie sarafu sikioni, atafumbua macho mwenyewe. Na waseme. Wanaosema hivyo hawakuwaona wanawake kumi na wanne wa Kilimanjaro wakikatwa shilingi elfu kumi kila mwezi kwa miaka mitatu, na kushukuru juu yake. Walishukuru kwa ajili ya neno moja la Kiajemi ambalo walidhani wanalijua.

Wanawake hao walikuwa wachambuzi wa kahawa katika ghala moja la viwandani, Moshi mjini. Mwenye ghala alikuwa Mwajemi aitwaye Farhad, mtu mrefu, mpole, asiyepandisha sauti, aliyenunua buni ya milimani na kuisafirisha kwao. Kiswahili chake kiliishia kwenye "habari za asubuhi". Mengine yote yalipitia kwa Herbert, karani wake, ambaye aliwahi kukaa Dubai miaka sita akimuuzia Mwajemi mwingine lozi na zabibu kavu, akarudi na Kiajemi cha kutosha, saa ya kung'aa, na mwendo wa mtu anayedhani barabara imechongwa kwa ajili yake. Bosi akiwa na neno, alilisema Herbert. Wanawake wakiwa na neno, alilisema Herbert. Ghala zima lilikuwa na mdomo mmoja.

Kila mwisho wa mwezi Herbert alibandika mlangoni karatasi ya mishahara. Bosi aliichapa kwa Kiajemi, kisha Herbert akaongeza kwa kalamu, kwa herufi zetu, yale aliyoona yanafaa kusomwa. Jina la mtu. Mshahara, laki moja na sitini. Halafu safu ya tatu, HAZINE, elfu kumi. Halafu kinachobaki.

"Hazine ndiyo hazina," aliwaeleza mwezi ule wa kwanza, mikono nyuma. "Wao wanamalizia na e, sisi tunamalizia na a. Bosi anawawekea akiba. Haba na haba hujaza kibaba, mama zangu. Mkiidai mapema inakufa, mkiiacha inazaa."

Nani angebisha? Neno lilikuwa pale mlangoni, limeandikwa kwa kalamu ya bluu, na kila aliyesoma darasa la saba alilitambua. Desemba ya kwanza ilipita, Herbert akasema bado changa. Ya pili ikapita, akasema mkiivumilia mpaka miaka mitatu mtaikuta imenona. Wakaivumilia.

Aliyeivumilia kwa furaha kuliko wote alikuwa Mektrida Shirima, mjane wa Mwika, miaka hamsini na mbili, mwenye mikono myepesi kuchambua na ulimi usiopenda kungoja zamu. Siku za kazi alilala chumba cha kupanga Pasua, na Jumapili alipanda Mwika kutazama kihamba, yaani shamba la ukoo, alichoachiwa na mumewe marehemu Damian. Kahawa ya pale ilipandwa na baba mkwe wake na sasa ilikuwa imezeeka, matawi makavu, buni za kuhesabu. Shemeji yake Remigius alikuwa ameanza kusema kihamba kinafia mikononi mwa mwanamke. Krismasi iliyopita, ukoo wote ulipopanda nyumbani kama ilivyo desturi yetu, kikao kilikaa na kumpa Mektrida mwaka mmoja: apande kahawa mpya, la sivyo nusu ya kihamba iuzwe kwa mtu wa Arusha anayetafuta mahali pa kujenga.

Mektrida alikubali bila kupepesa macho, mpaka Remigius akashangaa. Hakujua kwamba shemeji yake alikuwa amekaa pale kikaoni akipiga hesabu ya hazina. Ifikapo mwisho wa Novemba itakuwa miezi thelathini na sita, laki tatu na sitini. Zinatosha miche bora mia tatu, mbolea, na vibarua wa kung'oa visiki. Hakuwa na pesa nyingine yoyote duniani.

Mwezi wa Mei, mama yake Farhad alikuja kutoka Shiraz kukaa na mwanawe baada ya kufiwa na mumewe. Jina lake Mahin, mama wa miaka sabini na ushee, mwembamba, kitambaa cha kichwa kikimteleza kila dakika, magoti mabovu, macho makali. Farhad alitaka mwanamke mtu mzima wa kumsindikiza Mbuyuni sokoni kila Jumamosi mchana, na kwa kuwa Mektrida ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri ghalani, akapewa yeye. Malipo yalikuwa nauli na chai.

Sasa, mtu mwingine akikufundisha lugha yake huanza na maji, mkate, asante. Mahin alikuwa amefanya kazi ofisi ya kodi ya Shiraz kwa miaka thelathini na mmoja. Siku ya kwanza tu Mbuyuni alimdai risiti muuza nyanya, kwa ishara za mikono, mpaka muuza nyanya akamuuliza Mektrida kwa sauti ya chini kama huyu bibi ametumwa na TRA. Waliporudi nyumbani kwa Farhad, Shanty Town, Mektrida akatumia Kiingereza chake cha darasa la saba kumuuliza kwao alifanya kazi gani. Mahin akajibu neno moja: "Maliyat."

Mektrida alisikia mali. Akadhani huyu bibi anajitapa kwa utajiri. Mahin akatikisa kichwa, akachukua nyanya kumi kutoka kwenye kikapu, akazipanga mezani, akaitenga moja upande wake. "Maliyat," akasema tena, akiigonga ile moja kwa ukucha. Hivyo neno la kwanza la Kiajemi ambalo Mektrida alilijua maishani likawa kodi.

Mafunzo yakaendelea hivyohivyo, kila Jumamosi, barazani, chai bila maziwa. Mektrida alinunua daftari. Bime ilikuwa bima. Hesab ilikuwa hesabu, sanduq ilikuwa sanduku, faide ilikuwa faida. Alianza kuona kwamba Waajemi waliwahi kupita kwenye Kiswahili zamani wakasahau vitu vyao humo, na sisi tukaviokota na kuvitumia bila kuuliza ni vya nani. Alijifunza tarakimu zao, kisha herufi zao, akizisoma kwa kidole kutoka kulia. Mahin naye alijifunza bei gani, punguza, imekwisha, na kuitikia marahaba kila aliposalimiwa shikamoo, ingawa aliitamka kama amri.

Maneno mawili yalimsumbua Mektrida kuliko yote: bedehkar na bestankar. Mahin alimwelekeza kwa mikono. Anayeambiwa bede, toa, huyo ndiye mdaiwa. Anayeambiwa bestan, pokea, huyo ndiye mdai. Mektrida aliyachanganya kila Jumamosi, na kila Jumamosi alipigwa kofi dogo la mkono.

Jumamosi moja mwanzoni mwa Novemba, Mahin alichora mstari katikati ya ukurasa. Kulia akaandika daramad, akavuta hewa kwa mikono kuelekea kifuani kwake: kinachoingia. Kushoto akaandika neno jingine, akalisoma polepole. "Hazine."

Mektrida akacheka. "Hii usinifundishe, mama. Hii naijua. Hata mimi ninayo."

"Wewe? Hazine?"

"Nyingi. Mwezi, elfu kumi. Miaka mitatu." Akajipiga kifuani. "Yangu."

Mahin alimtazama kama mtu anayesikiliza mgonjwa akijisifia homa. Kisha akafungua mkoba, akatoa noti ya elfu kumi, akainuka kwa taabu akishika ukuta, akaenda mpaka ukingo wa baraza. Akaiachia noti ikaangukia kwenye maua huko chini. Akageuka na kuonyesha kiganja kitupu.

"Hazine," akasema. "Imekwisha."

Mektrida alishuka ngazi, akaiokota noti, akamrudishia. Alipokaa tena alichora nyumba kwenye daftari, akaijaza vijiduara vya sarafu, akauliza hii wanaiitaje. Mahin akasema khazane, kh ya kukwaruza koo. Basi hazina walikuwa nayo Waajemi, kama watu wengine wote, ila ilikuwa na jina lake, na jina hilo halikuwa lile la mlangoni. Lile la mlangoni lilikuwa gharama.

Mtu wa kodi hastaafu. Mahin aliingia ndani akarudi na jalada la mwanawe, akafungua karatasi za mishahara, na kidole chake kikateremka hadi kwenye safu ya tatu. Juu ya safu hiyo, kwa Kiajemi, palikuwa na maneno mawili zaidi ambayo kalamu ya Herbert haikuwahi kuyagusa. Hazine-ye nahar-e kargaran. Mahin akaonyesha jua la utosini, akapeleka vidole mdomoni, akatafuna. Gharama ya chakula cha mchana cha wafanyakazi.

"Chakula cha mchana?" Mektrida akauliza. "Chakula gani?"

Miaka mitatu hakuna mwanamke aliyewahi kupewa hata kikombe cha uji katika ghala lile. Kila mmoja alikuja na kopo lake kutoka nyumbani, kiburu cha ndizi na maharage au makande, wakala wamekaa juu ya magunia. Herbert alikuwa akimwambia bosi kwamba anawanunulia chakula, akimwambia bosi akate elfu kumi kumi, akizipokea laki moja na arobaini kila mwezi, na huku upande wa pili akiwaambia wanawake wanawekewa akiba. Neno lilelile moja, hazine, lilitazama pande mbili. Hasira ilimpanda Mektrida mpaka masikio yakamwasha. Kuibiwa alishawahi kuibiwa. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa akimwambia mwizi ahsante, kila mwezi, na kumwita baba.

Mahin alishika simu ampigie mwanawe hapohapo. Mektrida akaufunika mkono wake.

"Usimpigie, mama. Ukimwambia wewe, atamuuliza nani? Herbert. Herbert atajibu kwa Kiajemi, mimi sipo, wenzangu hawapo. Nifundishe. Nitasema mimi."

Ilichukua muda Mahin kulielewa hilo, kwa nusu Kiswahili na nusu ishara. Alipolielewa alifunga jalada, akavuta kiti karibu. Hakutabasamu. Alifungua ukurasa mpya, na kwa mara ya kwanza tangu Mei hakumpa chai mpaka somo liishe.

Siku hiyo Mektrida aliuliza mshahara wanauitaje. Mahin akasema hoquq. Akaandika haqq, akainua kidole kimoja. Akaandika hoquq, akainua vidole vyote. "Haki?" Mektrida akauliza. "Haqq, haki," Mahin akaitikia, kama kitu kisichohitaji kujadiliwa. Kwao mshahara na haki za mtu ni neno moja. Mektrida alilirudia njia nzima hadi Pasua.

Angekuwa mtu wa kunong'ona, angenyamaza hadi siku ya mshahara. Hakuwa. Jumatatu asubuhi, mbele ya mzani, alimuuliza Herbert kwa sauti ya kawaida kabisa: "Herbert baba, nahar ni nini?"

Herbert aliacha gunia likining'inia kwenye mzani. "Nani amekufundisha hilo?"

"Nimeuliza tu."

Jumatano alimwita stoo, akafunga mlango, akampa bahasha. Ndani mlikuwa na laki tatu na sitini, noti za elfu kumi, mpya. "Hazina yako imeiva mapema, mama," akasema. "Za wenzako bado. Wewe ni mtu mzima, unaelewa mambo. Januari nitakutengenezea na nyongeza."

Asikudanganye mtu, Mektrida alizitaka zile pesa. Aliishika bahasha ile na kuona miche mia tatu, mashimo yamechimbwa kwa mstari, Remigius amefunga domo mbele ya ukoo mzima. Angeweza kuteremka na bahasha yake chini ya khanga na hakuna ambaye angejua mpaka kiama. Kisha akaiweka juu ya gunia.

"Hii si hazina yangu," akasema. "Yangu ina majina kumi na manne."

"Wewe mama, utamwambia nani? Bosi haelewi hata neno pole. Utamwambia kwa lugha gani?"

"Utasikia."

Mchana ule aliwaeleza wenzake kila kitu, makopo yakiwa mapajani. Baadhi walilia. Beatha alitaka waende wakamshike Herbert mashati sasa hivi. Kornelia, aliyekuwa na watoto watatu shuleni na mume mgonjwa, ndiye aliyemwambia Mektrida lililokuwa kwenye vichwa vya wengi.

"Mama Vicky, tukifukuzwa je? Elfu kumi imekwenda, sawa. Lakini laki na nusu bado inaingia. Wewe una kihamba. Mimi nina chumba cha kupanga."

"Kihamba chenyewe kinauzwa Krismasi, Kornelia. Sina tofauti na wewe." Mektrida alifunika kopo lake. "Siwaambii mpige kelele. Nawaambia msitie sahihi. Siku ya mshahara, kalamu ikifika kwako, iache mezani. Kontena linaondoka Jumatatu ya baada yake na kahawa ya kulijaza iko mikononi mwetu. Basi."

Kornelia alifunika kopo lake, na Mektrida hakumlazimisha.

Siku ya mshahara ilikuwa Ijumaa. Farhad alikuja saa nne na sanduku lake la chuma, na safari hii alikuja na mama yake, aliyesema amechoka kukaa nyumbani. Mektrida alikuwa amemwomba aje, na amemwomba kitu kimoja zaidi: asiseme neno. Mahin aliketi karibu na mzani, mkoba magotini, midomo ameibana.

Herbert akabandika karatasi, akaweka nyingine ya sahihi mezani, akaita jina la kwanza, la Mektrida. Mektrida akaenda mezani, akaichukua kalamu, akailaza juu ya karatasi. Kisha akasema kwa Kiajemi, "Salam, Agha Farhad."

Farhad akainua kichwa. Herbert naye.

Alikuwa ameyakariri kwa wiki tatu, akiyasema akichambua, akiyasema akioga. Alisema kwamba ni miaka mitatu. Alisema kila mwezi elfu kumi. Alisema karatasi inasema chakula cha mchana. Kisha akafika pale alipopapenda, kwa kuwa humo neno hatta lilikuwa letu pia. "Ma nahar nakhordim. Hatta yek ruz." Hatukula. Hata siku moja.

Mpaka hapo sauti yake ilikuwa imara. Akavuta pumzi kwa neno la mwisho, lile la kuonyesha nani anamdai nani, na ulimi ukateleza. "Ma bedehkarim," akasema.

Herbert alicheka kwa sauti. Aliwageukia wanawake. "Mmesikia? Amemwambia bosi kwamba ninyi ndio mnadaiwa. Mnadaiwa chakula." Kornelia alishika mdomo. Mahin alifumba macho na kuushika mkoba kwa mikono miwili, lakini ahadi ni ahadi, hakusema kitu.

Mektrida alitazama mikono yake mwenyewe mpaka maneno yakarudi kila moja mahali pake. Bede, toa. Bestan, pokea. Akamnyooshea Farhad kidole, jambo ambalo halikuwa la adabu kwao wala kwetu. "Shoma bedehkarid." Akajiwekea kiganja kifuani, kisha akakizungusha kwa wanawake wote. "Ma bestankarim."

Farhad alimgeukia Herbert, wakaanza kuongea haraka, Kiajemi cha watu wanaokijua. Mektrida hakukipata chote, lakini alikuwa amefundishwa na mtu wa kodi: alisikiliza idadi na siku. Akasikia Herbert akisema har ruz, har ruz. Kila siku.

"Har ruz?" akauliza. Akaenda kwenye kona yao, akarudi na kopo lake, akaliweka mbele ya bosi na kufunua kifuniko. Kiburu cha jana, kimepoa. Beatha akaleta lake. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, makopo ya siagi, ya rangi, sahani zilizofungwa kwa kitambaa, mpaka meza ya kuchambulia ikajaa. La mwisho lilikuwa la Kornelia. Mlikuwa na mihogo miwili ya kuchemsha, na aliifunua bila kumtazama Herbert.

Njia ya mwongo ni fupi. Farhad alinyoosha mkono, na Herbert akampa funguo za stoo na za ofisi. Alitaka kuwaeleza wanawake jambo, akaanza, "Mama zangu, bosi anasema," na Mektrida akamkatiza.

"Usitutafsirie."

Sasa Farhad alikuwa hana mdomo. Alimtazama Mektrida, akamwambia polepole, akichagua maneno mepesi, kwamba awaambie wenzake mah-e ayande, mwezi ujao, ataangalia hesabu, watie sahihi leo. Mektrida alielewa. Alielewa pia kwamba mtu akikubali kuwa mdomo wa bosi, kesho ni yeye atakayeshika kalamu ya bluu.

"Sema mwenyewe," akamwambia kwa Kiswahili, na kumwonyesha wenzake.

Farhad alitafuta. "Mwezi," akasema. "Mwezi… kesho."

Wanawake walicheka, kicheko cha kweli, cha kwanza siku ile. Lakini hakuna aliyeinua kalamu. Farhad aliisogeza kwa aliyesimama mbele, naye akaiacha pale. Akaisogeza kwa wa pili. Wakaketi juu ya magunia, mikono mapajani, na kahawa ya kontena la Jumatatu ikabaki mezani chini ya makopo yao. Saa tano ikapita. Farhad alimtazama mama yake kutafuta msaada. Mahin akatazama dirishani, kama vile kuna jambo la maana sana huko nje.

Saa tano na nusu Farhad alichukua gari akaenda benki. Herbert aliondoka kwa miguu, hakuaga. Yaliyompata baadaye ni hadithi ya polisi, siyo yetu.

Saa nane bosi alirudi na begi. Mshahara wa mwezi, laki moja na hamsini kama kawaida. Na kando yake karatasi mpya, ameiandika kwa mkono mwenyewe, majina kumi na manne, na mbele ya kila jina laki tatu na sitini, elfu kumi ya mwezi ule ikiwamo. Beatha alianza kuomba rozari kwa sauti. Farhad aliuhesabu mgao wa Mektrida wa kwanza, akausogeza mbele yake, na kalamu juu yake.

Mektrida aliziona zile noti. Ilikuwa kahawa yake yote ya miaka ishirini ijayo, pale, kwa kunyoosha mkono tu. Akaweka kidole kwenye karatasi, kulia kabisa, akaanza kusoma. Jina lake alilitambua. Tarakimu alizitambua. Lakini juu ya safu kulikuwa na neno fupi, herufi tatu, ambalo hajawahi kufundishwa.

Alimgeukia Mahin. "Mama, sasa unaweza kusema. Hii ni nini?"

Mahin aliinuka, akaja akichechemea, akainama. Alilisoma lile neno, kisha akamtazama mwanawe kwa muda, na uso wa Farhad ukawaka.

"Komak," akasema. "Komak ni… mtu maskini, unampa. Msaada."

Farhad akaanza kujieleza kwa mama yake, mikono ikitembea. Mektrida hakuhitaji Kiajemi kumwelewa: pesa ni ileile, hesabu ni ileile, vitabu vitakaa vizuri zaidi hivi, kuna ubaya gani. Wenzake walimtazama. Kornelia alikuwa ameshika ukingo wa meza. Hakuna mtu katika ghala lile aliyetaka kusikia tatizo jingine, na Mektrida mwenyewe alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa.

Aliurudisha ule mgao upande wa pili wa meza.

"Msaada huombwa," akasema. "Sisi hatukuomba. Mwambie aandike bedehi."

Mahin hakutafsiri. Haikuwa lazima, neno lilikuwa la kwao. Farhad alikaa na kalamu mkononi, akitazama noti, akitazama lile kundi la wanawake na makopo yao. Hatimaye akapiga mstari juu ya neno lake, na juu ya mstari akaandika jingine, akamgeuzia karatasi.

Mektrida alilisoma herufi moja moja, kwa sauti, kutoka kulia, bila haraka, na wote wakangoja. Be. Dal. He. Ye. Deni. Ndipo akatia sahihi, jina lake lote, Mektrida Damian Shirima, likachukua nafasi ya watu wawili, akampa kalamu Kornelia.